Jiko Letu Lilivuka Bahari, Mtungi Ukalikataa

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya pesa, wapo wanaogombana kwa sababu ya mawifi, na siku hizi wengi wanagombana kwa sababu ya simu. Sisi, wapenzi wasomaji, tulikaribia kuachana kwa sababu ya nati. Nati ya mtungi wa gesi. Najua mtacheka, lakini nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Hadithi inaanzia Maryland, Marekani, tulikoishi miaka sita. Mwaka 2018, mwezi wa tisa, wakati maduka yanapunguza bei kwa sababu kiangazi kinakwisha, shemeji yenu alirudi nyumbani na boksi kubwa kuliko kochi. Ndani yake jiko la gesi la kuchomea nyama: vichomeo vitatu, mfuniko mweusi, magurudumu mawili na meza ya pembeni ya kukatia kachumbari. Mimi nilinuna, kwa sababu tulikuwa tunadunduliza hela ya kiwanja. Lakini kufika kiangazi kilichofuata nilikuwa nimeshasalimu amri. Kila Jumamosi uwanja wetu wa nyuma uligeuka Kimara. Wabongo wanatoka Baltimore, wanatoka Virginia, mishkaki inageuzwa, ndizi zinachomwa, mtu wa Moshi na mtu wa Tanga wanabishania kuku alowekwe ndimu saa ngapi. Na katikati ya yote, mume wangu amesimama na koleo mkononi. Pale hakuwa mbeba boksi wala mtu wa kompyuta. Alikuwa mwenye nyumba.

Mwaka 2022 mimi nikapata kazi Bonn, Ujerumani. Kazi nzuri, mkataba wa miaka minne, mshahara ambao hata mama aliuliza mara mbili. Yeye akaandika barua ya kuacha kazi bila kulalamika. "Twende, mke wangu. Wewe umenifuata Amerika, na mimi nitakufuata." Sharti lake lilikuwa moja tu: jiko linapanda kontena.

BONN, MJI WA KUTEMBEA KWA MIGUU

Niwape picha ya mji kidogo. Bonn ulikuwa makao makuu ya Ujerumani Magharibi tangu mwaka 1949 mpaka nchi ilipoungana mwaka 1990, na serikali yenyewe ilihamia Berlin mwaka 1999. Ukiutazama huwezi kuamini. Ni mji mpole, wa baiskeli na mikate, uliokaa kando ya mto Rhine kama mtu aliyestaafu mapema. Beethoven alizaliwa hapa mwaka 1770, na sanamu yake imesimama katikati ya mji na uso wa kununa. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, ile ambayo babu zetu walikuwa wanaitegea redio jioni, ipo hapa. Mara ya kwanza nilipomsikia mtu akisema "mambo vipi" ndani ya tramu nilitaka kumkumbatia.

Sisi tulipanga Beuel, ng'ambo ya pili ya mto. Ukitoka mjini unavuka daraja la Kennedy na umefika. Beuel ina historia yake tamu. Zamani wanawake wa huku walikuwa wafua nguo, na mwaka 1824 walichoka na waume waliokuwa wanakwenda kupeleka nguo mjini na kurudi wakiwa wamelewa. Wakaunda kamati yao. Mpaka leo, Alhamisi ya kabla ya kanivali, wanawake wanavamia ofisi ya mji na kukata tai za wanaume kwa mkasi. Mimi nilipoambiwa nikasema hapa ndipo nyumbani. Shemeji yenu alicheka kwa mdomo tu.

Maana kwake mambo hayakuwa mepesi. Mimi saa mbili asubuhi nimeshatoka. Yeye anabaki na kozi ya Kijerumani, na barua za maombi ya kazi zinazojibiwa kwa heshima kubwa kwamba hapana. Baba yake mdogo alimpigia kutoka Moshi na kumtania: "Siku hizi wewe ndiye golikipa?" Akacheka, akakata simu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kontena lilifika mwezi wa tano. Tulikuwa na nyumba ya chini yenye bustani ndogo, na mwenye nyumba, niliyemwandikia barua, alikubali tuchome nyama bustanini. Siku ile nilimwona mume wangu akifungua lile boksi kama mtu anayefungua barua kutoka kwao.

NATI KULIA, NATI KUSHOTO

Mtungi hatukuja nao. Watu wa kuhamisha mizigo hawapokei mtungi wa gesi, hata ukiwa mtupu kwa macho yako. Na hata tungeuficha, Ujerumani nani angeujaza? Huku kuna mitungi ya kilo 5 na ya kilo 11. Wa kijivu unaununua unakuwa wako, ukiisha unaubadilisha kwa uliojaa. Mwekundu ni wa kampuni, unaweka amana. Shemeji yenu akachukua wa kijivu, kilo 11, akaubeba begani mpaka nyumbani.

Basi akakuta kioja. Mpira wa gesi wa Marekani una nati kubwa nyeusi ya plastiki, inayofunika mdomo wa mtungi kwa nje na kufungwa kuelekea kulia kama kifuniko cha chupa ya maji. Mtungi wa Kijerumani nati yake ni nyembamba na inafungwa kushoto. Ndiyo, kushoto, makusudi, ili mtu asichanganye mipira ya gesi na vitu vingine. Alisimama nayo dakika nyingi, akaizungusha huku, akaizungusha kule. Mimi dirishani nilitaka kucheka, halafu nikaona mabega yake.

Wiki iliyofuata alikwenda duka la vifaa vya ujenzi akanunua mpira mpya na regulata mpya, seti kamili ya majiko ya Kijerumani. Kule upande wa jiko, ambako nati nazo hazikufanana, aliagiza adapta ya shaba mtandaoni. Vikaingiana. Akakaza kwa spana mpaka jasho likamtoka. Mimi nikauliza, "Una uhakika?" Akanijibu, "Vimeingia, si unaona?"

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, jua la huku likizama karibu saa nne usiku, akaliwasha. Ule haukuwa moto wa bluu niliouzoea Maryland. Ulikuwa wa njano, mrefu, unapumua kwa kishindo, ukatoka mpaka nje ya ukingo, ukalamba vitufe vya mbele na kuunguza vinyweleo vya mkono wake. Nikapiga ukelele. Mzee jirani yetu, mstaafu ambaye mpaka siku ile tulikuwa tunasalimiana naye kwa kichwa tu, akaruka kiambaza cha maua, akafunga koki ya mtungi kwa mkono mmoja na kusimama pale akihema.

Nilipaswa kusema "pole". Badala yake nikasema, "Nilikwambia takataka hili tuliache Maryland."

Akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Kila kitu changu tumekiacha Maryland," akasema, akaingia ndani.

MKE WA JIRANI NA PIANO

Siku mbili hatukuongea zaidi ya "umekula?" na "funguo ziko wapi?". Wale mlioolewa mnaijua hii hali. Nyumba ina joto la kutosha lakini unatafuta sweta.

Siku ya tatu mke wa yule mzee alinikuta nje natoa takataka. Kiingereza chake cha shule, Kijerumani changu cha ofisini, tukaelewana. Nilimwomba radhi kwa ule moto. Yeye akaniambia habari nyingine kabisa. Kijana alitoka Hamburg kumfuata mumewe aliyepata kazi serikalini hapa Bonn. Nyumba ya kwanza ilikuwa ndogo, kwa hiyo piano yake iliuzwa. "Miaka arobaini na zaidi," akasema. "Mume wangu ni mtu mwema. Lakini hajawahi kuniuliza habari ya ile piano."

Nilirudi ndani nikakaa jikoni peke yangu. Nikahesabu vitu tulivyoviacha tangu tuhame. Gari, lake. Kazi, yake. Marafiki wa Jumamosi, wake zaidi kuliko wangu. Timu ya mpira ya Jumapili, yake. Mimi nilikuja na kazi mpya, cheo kipya, na sababu ya kuamka. Yeye alikuja na mimi, na jiko. Na mimi jiko nimeliita takataka.

Jioni ile nilimkuta bustanini anafungua nati. Nikamwambia, "Nisamehe. Tulitafutie dawa hili jiko, tuwe wawili." Akakaa kimya, halafu akasema, "Mzee ameshaniambia Jumamosi tunakwenda mahali."

KUMBE NI PRESHA

Mzee alikuwa na karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, na karavani zinapikiwa kwa gesi. Alitupeleka kwenye duka la vifaa vya kambi, kwa fundi ambaye kazi yake ni kukagua gesi za karavani. Fundi alitazama picha za jiko kwenye simu, akakikuza kibandiko cha nyuma, akaguna.

Alichotueleza nakipitisha kwenu kama nilivyokielewa, maana ndicho ambacho hatukukijua.

Gesi ndani ya mtungi ina nguvu kubwa mno kwa jiko. Regulata, kile kidude kama uyoga kinachokaa juu ya mtungi, kazi yake ni kuipunguza. Kila jiko limetengenezwa kwa presha yake, na vile vitundu vidogo vinavyotoa gesi kwenye vichomeo vimetobolewa kwa kipimo cha presha hiyo. Wamarekani wanaipima kwa inchi za maji. Kibandiko chetu kilisema 11: yaani nguvu ya kusukuma maji ndani ya mpira mwembamba mpaka yapande inchi 11, kama sentimita 28. Wajerumani wanatumia milibari, na inchi zile 11 ni kama milibari 27. Sasa, regulata ya kawaida ya jiko la nyama Ujerumani ni milibari 50. Hapo maji yangepanda nusu mita! Kwa vitundu vilevile, gesi inayotoka inaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, na hewa ya kuchanganyika nayo haitoshi. Ndiyo maana moto ukawa wa njano na mrefu kama hasira.

Kwa hiyo adapta ilifanya kazi yake vizuri. Adapta inaunganisha tu. Haijui chochote kuhusu presha. Mume wangu aliona vitu vimeingiana akadhani vimeelewana, na kusema kweli, wapenzi wasomaji, siku ile dukani nilijiona na mimi. Nilidhani kwa kuwa tumehamia nyumba moja, mji mmoja, na kitanda kilekile, basi tumehama pamoja.

Dawa ilikuwepo pale pale rafuni. Karavani za miaka ya karibuni zinatumia milibari 30, kwa hiyo kuna regulata za milibari 30 zenye nati ya mtungi wa Kijerumani. Tofauti ya 27 na 30 ni ndogo. Fundi akachagua hiyo, pamoja na mpira mpya na kiungo cha upande wa jiko. Akamsema na shemeji yenu kuhusu spana: mitungi hii midogo ina raba ya kuzuia uvujaji ndani ya mdomo wake, inakazwa kwa mkono, ukiilazimisha kwa spana unaiua raba.

Lakini fundi alikuwa mkweli. Jiko letu halina alama ya CE inayotakiwa kwa majiko ya gesi huku Ulaya, na barua tuliyowaandikia watengenezaji ilijibiwa kwamba hawaruhusu jiko la soko la Marekani kubadilishwa litumike kwingine. "Cheti sikupi," fundi akasema. "Nitapima presha na uvujaji. Mkilitumia, ni juu yenu." Mume wangu alinigeukia. Zamani mimi ndiye ningeamua pale pale, kwa ule mdomo wangu wa mkutanoni. Nikamwambia, "Jiko ni lako. Unaonaje?"

Akafikiri. "Tujaribu likiwa nje tu, mbali na ukuta. Likikataa tena, naliuza mimi mwenyewe."

Fundi alikuja Beuel jioni ya Jumatano. Akaunganisha kipimo chake, kampira chembamba chenye maji, na sote wanne tukainama kama tunatazama mtoto mchanga. Maji yakapanda, yakasimama panapotakiwa. Kisha maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kiungo kimoja kikatoa mapovu, kile tulichokikaza kwa spana. Akakibadilisha. Mara ya pili, kimya. Akawasha. Moto wa bluu, mfupi, wenye vincha vya njano kidogo. Mume wangu hakusema neno. Alishika mfuniko na kuupapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyepona.

KAMA NA WEWE UNAFUNGASHA

Kabla sijamalizia, niwape ushauri wanandoa wenzangu mnaohama nchi, hata mnaorudi Dar na jiko ndani ya kontena:

Kwanza, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipia usafiri. Tafuta aina ya gesi na presha. Majiko ya Ulaya yameandikwa 30, 37 au 50, kutegemea nchi. Ya Marekani yameandikwa inchi 11. Nyumbani Tanzania gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, kwa hiyo muulize fundi anayejua, usiulize muuza mipira peke yake.

Pili, nati kuingia si ruhusa ya kuwasha. Regulata ndiyo ya kuulizia kwanza.

Tatu, waandikie watengenezaji. Wakikataa, jua kwamba dhamana imekwisha na jukumu ni lako. Wakati mwingine ni busara kuliuza jiko ulikotoka na kununua jipya unakokwenda.

Nne, kila ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni. Ukiona mapovu, funga koki. Usijaribu kwa kiberiti hata kama mjomba wako anafanya hivyo. Na fungua mfuniko kabla ya kuwasha.

Tano, usiweke mtungi kwenye chumba cha chini ya ardhi. Sisi tuliuweka huko, na mzee alitupigia kelele kweli. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini na kungoja cheche.

Na la sita si la fundi, ni langu. Kabla ya kufungasha, kila mmoja aandike kwenye karatasi kitu kimoja ambacho akikiacha kitamuuma. Kimoja tu. Halafu mbadilishane karatasi.

JUMAMOSI YA KWANZA

Haya, tumalizie. Jumamosi ile tuliwaalika mzee na mkewe. Shemeji yenu aliamka saa kumi na mbili kuloweka nyama. Alitengeneza mishkaki, mbavu, na ndizi mzuzu alizozitafuta mpaka duka la Waafrika. Mzee alikuja na soseji na bakuli la saladi ya viazi, mkewe na chupa ya mvinyo wa mtoni Rhine. Mzee alionja pilipili yetu, akakohoa, akaomba nyingine.

Huku Ujerumani watu wasiojuana sana wanaitana kwa namna ya heshima, "Sie", na ni mkubwa kwa umri anayetoa ruhusa ya kuhamia "du", ile ya ndugu na marafiki. Ni kama shikamoo kinyumenyume. Mzee aliinua glasi, akamtazama mume wangu, akataja jina lake la kwanza na kusema sasa watumie "du". Mume wangu alielewa. Ile kozi, kumbe, ilikuwa inaingia. Nami upande wa pili wa meza nilimwuliza mkewe piano yake ilikuwa ya rangi gani. Mzee aliweka uma chini akasikiliza.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Kazi hakuipata mpaka mwaka uliofuata, na tuligombana mara nyingine, kwa sababu nyingine. Lakini ile Jumamosi, simu yake ililia akiwa anageuza mbavu. Alikuwa baba yake mdogo, kutoka Moshi, na utani wake. "Uko wapi, golikipa?"

Akabana simu begani, koleo mkononi.

"Niko nyumbani," akajibu. "Nachoma nyama, nina wageni."